Hatua Aliyoikosea Mjomba Wako

S.L.P. 2076,
Bigwa,
Morogoro.

9 Septemba 1998

Mpendwa mwanangu Halidi,

Assalaam alaikum. Naomba Mungu barua hii ikukute mzima, umeshiba na umevaa soksi. Nasikia huko Norwe mwezi huu baridi imeshaanza kubisha hodi, nawe nakujua, utatembea kichwa wazi mpaka ukohoe ndipo ukumbuke kwamba ulikuwa na mama. Kifua chako hakijambo? Yule mama mwenye nyumba wako bado anakupikia viazi kila siku? Msalimie sana, na umwambie viazi siyo dhambi ila vina kiasi.

Sisi huku hatujambo. Goti langu linanisumbua wakati wa kupanda ngazi tu, na kwa kuwa nyumba yetu haina ngazi, namshukuru Mungu. Bibi yako Shamsia tunaye hapa. Tangu mazishi ya mjomba wako hajarudi kwake Kinole. Kila nikimwambia migomba yake inamngoja, ananijibu kwamba migomba haijawahi kumlilia mtu.

Mlima unaonekana vizuri siku hizi. Zile mvua za El Niño zilituachia makovu mengi. Ukisimama uani unaona mahali udongo ulipoporomoka, pekundu kama kidonda. Shamba letu la chini limepona. Kiwanda nilichokuwa nikifanyia kazi kimepata mwekezaji, lakini tulichokiona mpaka sasa ni mashine kupakiwa kwenye malori na kwenda zake. Ndugu yako Abasi, mtoto wa mama yako mkubwa, anasema huo ndio uwekezaji wenyewe, sisi hatujausomea. Yeye bado yuko Gairo, ananunua mahindi na karanga, ananenepa.

Sasa nije kwenye jambo lililonifanya nishike kalamu.

Barua yako niliipata. Ilikuwa fupi mwanangu, fupi mno kwa mtu niliyemfundisha mwenyewe kushika penseli. Umeandika kwamba jina la mjomba wako Stambuli apewe Abasi, wewe hulitaki, kwa sababu mjomba aliondoka duniani ana kinyongo nawe na huwezi kubeba jina la mtu aliyekuchukia. Niliisoma nikiwa nimesimama, nikatafuta pa kukaa. Sikumsomea bibi yako. Wazee wa ukoo walipouliza, niliwaambia barua za Ulaya zinachelewa.

Arobaini ilipita, kisomo kikasomwa, watu wakala wakatawanyika. Jina tu ndilo lililobaki. Kwetu sisi jina la marehemu haliachwi chini likanyagwe. Mtoto wa dada yake hulichukua, naye hukaa mahali pake. Wazee walisema tusubiri mavuno yaishe, labda utakuja. Mimi nikawa nasubiri huku najua kwamba hutakuja, na mwenye kujua hivyo halali vizuri.

Nikueleze na mambo ya chumba cha tuisheni, maana ndiko yalikotokea haya.

Ulipoondoka, mjomba wako alikuwa amestaafu ualimu na amefungua tuisheni kwenye kile chumba cha mbele. Siku hizi kila ukuta wa mji huu una tangazo la tuisheni, hata mtu aliyefeli anafundisha waliofeli. Yeye wanafunzi walimfuata wenyewe. Mradi mmoja wa wafadhili ulipofungwa, wakanadi vifaa vyao, akarudi na kompyuta ameibeba kwenye mkokoteni, kaifunika kwa kanga yangu mpya bila kuniomba. Ndipo wewe ukamtumia zile disketi za programu ya hesabu, ile inayojua hata hesabu za herufi. Na barua ukaandika: Mjomba, sasa usiwachoshe watoto na njia. Waandike swali, wabonyeze, jibu hili hapa.

Nilikuwepo alipoisoma. Aliikunja, akaitia mfuko wa shati, na ugali wake ukapoa pale mezani. Hakukujibu siku ile wala baadaye. Hapo ndipo wewe umepata neno kinyongo, na sikulaumu, kwa sababu hata mimi nililiogopa.

Ila hukuona alichokifanya baada ya hapo. Disketi zako aliziingiza. Aliandika swali, akabonyeza, jibu likaja. Akaandika jingine, likaja. Akaniita: "Mwanahawa, njoo umwone huyu. Anajua kila kitu na hawezi kumfundisha mtu hata kimoja." Kuanzia hapo akaanza kuifundisha ile programu kwenda polepole. Kila asubuhi baada ya chai alikaa pale, anaandika kanuni zake ndani yake, moja baada ya nyingine, ili mtoto akiweka swali, mashine isirukie mwisho, ila ionyeshe njia, hatua kwa hatua, kwa Kiswahili chetu: hapa tumefungua mabano, hapa tumekusanya zinazofanana, hapa tumegawa pande zote.

Na kipimo chake unajua kilikuwa nani? Mimi, niliyeishia darasa la nane. Ananiita kutoka jikoni na mwiko mkononi, anasema soma. Nikisoma nikafika mahali nikasema, "Kaka, hapa umeruka," hakubishi. Anaongeza hatua katikati. Kwa hiyo mwanangu, ndani ya ile mashine kuna mahali pengi ambapo mama yako alipotea. Kila nikipita nikaona mwanafunzi amefika pale, napajua.

Baada ya kila hatua aliweka swali: Tuendelee? Mwanafunzi anabonyeza N kwa ndiyo au H kwa hapana. Wote walikuwa wakibonyeza N. Nani amsimamishe mwalimu?

Alipofariki, Mwalimu Ignas akaendelea na wanafunzi wa kidato cha nne. Unamkumbuka Ignas, yule kijana wa Mgeta aliyekuwa akifundisha naye, mrefu, mwenye kuomba radhi kabla hajakosa. Nikafungua chumba. Na hapo mwanangu ndipo nilipoanza kuishi na mtu aliyekufa.

Sikufichi. Mara ya kwanza ilipowashwa nilitoka nje. Kwenye kioo yaliandikwa maneno yake: Tulia hapo. Usikimbie, namba hazina miguu. Ndivyo alivyokuwa akisema, neno kwa neno, na watoto walicheka kama walivyokuwa wakicheka yeye akiwepo. Ile feni ya ndani yake ilikuwa ikivuma kama mtu anayevuta pumzi kabla ya kusema. Kiti chake hakuna aliyekikalia. Ignas alifundisha amesimama, na watoto walikivuta pembeni kwa adabu kila walipotaka kupita, kama unavyomwomba mtu mzima akupishe.

Bibi yako yeye hakuogopa. Aliweka mkeka wake mlangoni, akawa anakaa pale kila tuisheni inapoanza, na anataka asomewe. Mtoto akimaliza hatua, bibi anauliza, "Kasemaje mwanangu?" Wanamsomea. Anaitikia, "Eee." Hajui aljebra wala mama yake aljebra, lakini aliitikia mpaka mwisho wa somo. Nikimwambia, "Mama, ile ni mashine," ananitazama kwa huruma.

Basi mwezi wa saba, alasiri moja, nilikuwa napita na ufagio. Kwenye kioo kulikuwa na swali jepesi, nililijua: 3x − 7 = 11. Ni swali ambalo alinisomesha mimi mwenyewe. Saba ikivuka kwenda ng'ambo ya pili ya sawasawa, alama yake inabadilika. Ilikuwa ya kutoa, inakuwa ya kujumlisha. Kumi na moja na saba, kumi na nane. Gawa kwa tatu, x ni sita. Hata mimi.

Mashine ikaandika: 3x = 11 − 7.

Nilisimama na ufagio wangu. Saba imevuka na alama ile ile. Chini yake: Tuendelee? Mtoto akabonyeza N bila hata kusoma, na hesabu ikaendelea kuharibika taratibu, kwa sauti ile ile ya upole, mpaka jibu la ajabu.

Halidi, mjomba wako hakuwa mtu wa kukosea pale. Nilimwita Ignas, akajaribu yeye, ikatoka sawa. Akajaribu tena, sawa. Mwanafunzi mwingine akakaa, akafanya maswali yake vizuri, kisha katikati ikakosea tena, mahali pengine, mabano yakafunguliwa vibaya. Ignas alikagua kanuni za hesabu zote alizoandika marehemu, hakuona kosa. Aliniambia jambo ambalo lilinizidishia hofu badala ya kuipunguza: "Mama Halidi, siwezi kuilaumu mashine. Mashine yenyewe haitatui hivi. Ina njia zake za ndani ambazo mimi na wewe hatuwezi hata kuzisoma, na majibu yake ni sahihi. Hizi hatua tunazoziona siyo njia yake. Ni njia ya Mwalimu, kaiweka juu yake. Anayekosea hapa ni Mwalimu."

Anayekosea ni Mwalimu. Na Mwalimu tumemzika.

Bibi yako alipoambiwa, hakushangaa. Alisema, "Mwanangu kapotea. Jina lake liko chini, halina wa kulibeba, atajuaje njia? Mleteni Halidi." Na mimi ninayo barua yako chini ya godoro, inayosema huji. Nilikuwa nikisikia ile feni ikianza kuvuma natoka kwenda kukata kuni ambazo sizihitaji. Nilimwona kila mahali, Halidi. Nilimwona amesimama kwenye ukungu wa mlimani hajui kulia wala kushoto, yeye aliyekuwa akitusimamisha hata njiani kutuonyesha njia. Niliamini. Usiniambie habari za umeme. Kama ungekuwa hapa ungeamini nawe.

Mitihani inakaribia, watoto wananakili makosa. Ignas akaja kuniomba radhi, kama kawaida yake, kabla hajakosa, akasema hana budi kufuta kazi yote ya Mwalimu na kuacha programu kama ilivyokuja kutoka kwako, ya kutoa majibu tu. Abasi alikuwa amefika kutoka Gairo siku hiyo. Akasema kwa vile Halidi kakataa, yeye yuko tayari jina alichukue, mashine iuzwe, na bibi arudi Kinole akapumzike. Nikashtuka: kumbe ulimwandikia na yeye! Bibi akaniangalia. Ndivyo alivyojua. Alijifunika kanga uso mzima, na mimi sijapata kuona kitu kilichoniuma kama ile kanga ilivyokuwa ikitikisika.

Tukakubaliana ifutwe baada ya somo la siku hiyo.

Kuna binti anaitwa Pendo, mtoto wa watu wa kiwanda cha sukari waliohamia hapa, ana mdomo. Alikuwa amekaa yeye. Mashine ikafika mahali, ikakosea. Wenzake wamezoea, wananyamaza. Yeye akasema kwa nguvu, "Ah! Mwalimu naye! Hapo siyo bwana!" Na kwa hasira akabonyeza H.

Hakuna aliyewahi kubonyeza H.

Kioo kikafutika chote. Nilidhani imekufa. Halafu yakatokea maneno, na Pendo akayasoma kwa sauti kwa sababu bibi yuko mlangoni na desturi ni kumsomea. Yalisema:

Ahsante, Halidi. Nilijua hujalala. Njoo, chaki hii hapa, malizia wewe.

Kisha mashine ikanyamaza, ikangoja.

Wewe utakuwa umeshajua tangu niliposema kuhusu saba. Mimi sikujua. Sikuwahi kukaa kwenye darasa lake. Ignas ndiye aliyekumbuka, akakaa kwenye kiti cha marehemu bila kujitambua, akatueleza: kwamba kule shuleni Mwalimu alikuwa na mchezo wake, akiona darasa linaitikia ndiyo ndiyo tu bila kufikiri, anakosea makusudi ubaoni, kisha anabaki amewapa mgongo, anangoja. Atakayesema hapana, anapewa chaki amalizie. Na kwamba walimu wote walijua kuna mwanafunzi mmoja tu aliyekuwa akimnasa kila mara, mpwa wake, na kwamba Mwalimu alikuwa akilisimulia ofisini kama mtu aliyeshinda mbio.

Ignas alitafuta tena, safari hii siyo kwenye kanuni za hesabu, akapaona mahali penyewe. Kosa limewekwa lije kwa mwanafunzi ambaye amebonyeza ndiyo mara nyingi mfululizo. Yeye akiwa hai alikuwa akiwasimamisha mwenyewe kabla hawajafika huko. Alipoondoka, wakafika.

Mwanangu, disketi ulizituma wewe. Kila alichoandika mle, alikiandika baada ya barua yako. Alikuwa na mashine mpya, na darasa jipya, na watoto wengi wa kuwataja. Alipofika mahali pa kuandika jina la mtu atakayemwambia hapana, aliandika lako. Hakuwa na kinyongo. Aliumia, ndiyo, nilimwona akiumia. Lakini ulimwambia hapana kutoka Norwe, na yeye akakupa chaki. Nililia mbele ya wanafunzi, sijali.

Bibi yako aliondoa kanga usoni. Akauliza, "Kamtaja nani?" Pendo akasema, "Halidi, bibi." Bibi akapiga kigelegele, kigelegele cha arusi, kwenye nyumba ambayo haikucheka tangu msiba. Akamwambia Abasi, "Umesikia? Kamrithisha mwenyewe. Mtu wa lukolo wetu, wa ukoo wetu, akishasema, mnakaa kikao cha nini tena?"

Nitakuandikia ukweli kuhusu Abasi ili usimfikirie vibaya. Aliinamisha kichwa kidogo, kisha akacheka kile kicheko chake cha Gairo, akasema, "Basi mimi marehemu kaninusuru, hesabu zenyewe sikuzijua." Ijumaa iliyofuata, wazee walipokuja, ni yeye aliyekaa kwenye mkeka kwa niaba yako. Alivalishwa kanzu ya mjomba wako, ikamkaba tumboni, na kila lililosemwa alilipokea kwa jina lako. Kisomo kikasomwa, unga ukamwagwa kwenye maji, na bibi yako akashika kichwa cha Abasi akitazama upande wa kaskazini. Alikuwa ameuliza Norwe iko wapi. Kanzu nimeifua, nimeikunja, iko kabatini kwangu.

Programu haikufutwa. Ignas amewaeleza wanafunzi kwamba wasome kabla ya kuitikia. Sasa wanavizia kosa kama paka, na anayelinasa anaitwa Halidi siku nzima. Mtaa huu umejaa kina Halidi, wengine wamesuka nywele. Ignas aliniuliza kama abadilishe, mashine imtaje mtoto aliyekaa. Nilimwambia asithubutu.

Je, hofu imekwisha? Haijaisha. Feni ile ikivuma bado nasimama. Wakati mwingine watoto wakishaondoka, kioo kimebaki kinawaka na yale maneno ya chaki, nami nasimama pale na ufagio nikijua kwamba anangoja mtu, na mtu huyo siyo mimi. Nazima kwa sababu umeme una bei, lakini mkono wangu unasita.

Sasa liko jambo moja. Unakumbuka alipofariki Mzee Maneno kule Kinole, mpwa wake akalichukua jina. Tangu siku ile mama yake mzazi hakumwita tena mwanangu. Alimwita kaka, akamwamkia kama alivyokuwa akimwamkia marehemu, na ninyi watoto mliona kichekesho, mkachapwa. Sasa limenifika mimi. Wazee wamenipa ruhusa niandike barua moja ya mwisho kwa Halidi, nimfahamishe, na ndiyo hii unayoisoma. Jina limeshawekwa juu yako. Likikuelemea, usilikatae kwa barua; uje ulitue mwenyewe hapa, mbele ya bibi yako, naye umtazame machoni.

Bibi anakusalimu, anasema hasogei Kinole mpaka akuone. Abasi anakusalimu, anadai umlipe tumbo lililobanwa. Mwalimu Ignas anakusalimu na anaomba radhi, sijui ya nini. Pendo anakusalimu ingawa hakujui. Anasema kama ukirudi, yuko tayari kukushinda.

Mungu akulinde kwenye baridi hiyo, akuongoze njia, akurudishe kwa miguu yako mwenyewe ukiwa na afya na imani.

Shikamoo, kaka Stambuli.

Ni mimi mdogo wako nikupendaye,

Mwanahawa